Mizani Ikisema, Sikia Baiti Zote: Vidokezo kwa Wanaounganisha Mizani na Printa Mbulu na Hanang

Msimu wa mavuno, mbele ya maghala ya wanunuzi wa Katesh, Bassotu, Dongobesh au Haydom, utaratibu ni ule ule. Gunia linapanda kwenye mizani, mmoja anasoma namba kwa sauti, mwingine anaiandika kwenye daftari, na mkulima amenyoosha shingo ahakikishe kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Mahindi, ngano, mbaazi, alizeti, vitunguu swaumu vya Mbulu, vyote hupita hapo. Siku hizi mizani nyingi zina tundu la waya kwa nyuma, na kijana yeyote anayesifika kwa kompyuta huombwa aziunganishe, uzito uingie wenyewe na risiti itoke.

Akishachomeka waya ndipo anagundua kuwa mizani haisemi “kilo tisini na nane”. Inatoa baiti tupu. Vidokezo hivi ni vya kijana huyo. Kompyuta yenye Linux na Python, au simu ya Android yenye waya wa OTG, vinamtosha kuanza.

1. Mjue kwanza unayeongea naye

USB, iliyotoka mwaka 1996, ina adabu moja nzuri: kifaa kikichomekwa hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kwenye Linux andika `lsusb` uzione. Ukikuta 1a86:7523, hiyo ni chipu ya CH340. 0403:6001 ni ya FTDI, 067b:2303 ni ya Prolific, na 10c4:ea60 ni ya Silicon Labs. Yoyote kati ya hizo inakuambia kuwa mizani yenyewe haijui USB hata kidogo: ndani ina bandari ya zamani ya RS-232, na chipu iko hapo kama mkalimani.

Ukikuta namba inayoanza na 0922, hiyo ni Dymo, na mizani zake huongea USB moja kwa moja katika kundi la HID, lile lile la kibodi na mausi. Njia hizi mbili hazifanani hata mstari mmoja wa kodi, kwa hiyo usianze kuandika kitu kabla hujajua uko kwenye ipi.

2. Kabla ya kulaumu kodi, badili waya

Waya nyingi za dukani ni za kuchaji tu. Nyaya mbili za data hazimo ndani. Kifaa kitawaka taa na `lsusb` haitaona kitu. Urefu nao una mpaka: USB 2.0 inakubali mita 5. Mizani ikiwa nje barazani na kompyuta iko ofisini nyuma, vuta waya wa RS-232, ambao huvumilia umbali zaidi, kisha weka chipu ya USB upande wa kompyuta.

3. Sikiliza kabla hujasema

Kifaa cha kupimia anza nacho kwa kusoma tu. Mizani nyingi za bandari ya zamani hutuma uzito zenyewe bila kuombwa, mara kadhaa kwa sekunde. Fungua bandari utazame:

`stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw`
`hexdump -Cv < /dev/ttyUSB0`

Pandisha jiwe la kilo 10, tazama. Ongeza lingine, tazama. Shusha yote, tazama tena. Andika pembeni ni baiti zipi zilibadilika na zipi zilitulia, na mpangilio utaanza kujitokeza hata kama kitabu cha maelekezo kilipotea zamani. Mizani ya HID isikilize kwa `usbhid-dump`, au kwa Wireshark kupitia usbmon, inayokuonyesha kila pakiti inayopita kwenye waya.

Kutuma baiti za kubahatisha “tuone itafanya nini” ni mchezo mbaya. Miongoni mwa amri ambazo mizani inazielewa kuna ya kuweka sifuri, ya kutoa uzito wa chombo, na kwa baadhi ya mizani, ya kurekebisha kipimo chenyewe. Mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Programu yako haina ruhusa ya kugusa kipimo hicho, hata kwa bahati mbaya.

4. Baiti sita zenye kilo ndani

Hapa tukae kidogo. Mizani ya HID hutuma ripoti fupi. Gunia moja linaweza kuja hivi:

`03 04 03 FF DC 03`

Baiti ya kwanza ni namba ya ripoti. Ya pili ni hali ya mizani, na 4 maana yake imetulia. Ya tatu ni kipimo: 2 ni gramu, 3 ni kilo, 11 ni aunsi, 12 ni ratili. Ya nne ni kipeo cha kumi, na inaweza kuwa hasi: FF ni hasi 1, kwa hiyo gawanya kwa kumi. Mbili za mwisho ni uzito wenyewe, baiti ndogo ikitangulia kubwa. DC ni 220, na 03 ni mara 256, yaani 768. Jumla 988. Gawanya kwa kumi: kilo 98.8.

Kwa Python, ukiwa na maktaba ya pyusb:

```
import usb.core
from decimal import Decimal

m = usb.core.find(idVendor=0x0922)
if m.is_kernel_driver_active(0):
    m.detach_kernel_driver(0)
mlango = m[0][(0, 0)][0]
d = bytes(m.read(mlango.bEndpointAddress,
                 mlango.wMaxPacketSize, timeout=2000))
namba = d[4] + 256 * d[5]
kipeo = d[3] - 256 if d[3] > 127 else d[3]
kilo = Decimal(namba).scaleb(kipeo)
```

Kila kifaa cha USB kina milango yake ya data, na anwani ya mlango inakuambia mwelekeo. Biti ya juu ikiwa imewashwa, kama kwenye 0x81 au 0x82, data inatoka kwenye kifaa kuja kwako. Ikiwa imezimwa, kama 0x01, wewe ndiye unayetuma. Kiulize kifaa anwani, kama kodi hiyo inavyofanya, badala ya kuibandika kwa mkono, kwa sababu mizani mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana.

Na kwa nini `Decimal`? Kwa sababu kilo hizi zitazidishwa kwa bei. Namba za desimali za kawaida za kompyuta huacha mabaki ya ajabu mwishoni, na mabaki yakishafika kwenye pesa ya mtu ni vigumu kuyaeleza.

Linux ikikunyima ruhusa, usizoee kuendesha kila kitu kwa `sudo`. Andika kanuni ya udev inayotaja 0922 na kundi lako la watumiaji, chomoa, chomeka tena, imekwisha.

5. Kwenye simu, chunga baiti yenye alama ya hasi

Wengi wataishia kwenye Android, maana simu iko mfukoni na kompyuta haipo. Android imeruhusu simu kuongoza vifaa vya USB tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011. Utaomba ruhusa kwa `requestPermission`, utashika kiolesura kwa `claimInterface`, utasoma kwa `bulkTransfer`. Mizani ya bandari ya zamani ina maktaba iliyo tayari, usb-serial-for-android.

Sasa mtego. Kwenye Java na Kotlin, baiti haiendi 0 hadi 255. Inaenda hasi 128 hadi 127. DC, ambayo Python inaiona 220, Kotlin inaiona hasi 36. Rudi kwenye gunia letu: 768 toa 36 ni 732, yaani kilo 73.2. Gunia la kilo 98.8 limepoteza kilo 25.6 hewani, na skrini haionyeshi kosa lolote.

Kinachoufanya mtego huu kuwa mbaya zaidi ni kwamba hauumi kila mara. Gunia la kilo 80 lina namba 800, ambayo baiti yake ndogo ni 20 ya heksa, chini ya 128, na litasomeka sawasawa. Kuanzia kilo 76.8 hadi 89.5 kila kitu ni shwari. Kuanzia 89.6 hadi 102.3, kila gunia linapunjwa kilo 25.6. Hilo la pili ndilo eneo la magunia ya kilo mia, ambayo ndiyo mpaka wa ufungashaji wa mazao unaosimamiwa na Wakala wa Vipimo katika vita vyake na lumbesa. Tumekuwa tukipiga kelele kuhusu lumbesa inayomwibia mkulima kwa kushindilia. Hii ingemwibia bila mtu kushika sindano ya kushonea gunia.

Dawa ni fupi kuliko ugonjwa: `buf[4].toInt() and 0xFF`, na hivyo hivyo kwa `buf[5]`. Kipeo pekee, `buf[3]`, ndicho unachokiacha na alama yake.

Ukijaribu, usitumie jiwe la kilo 10 peke yake. Namba yake ni 100, litapita hata kama kodi ni mbovu. La kilo 20 litakufichua papo hapo kwa kukuonyesha hasi 5.6.

6. Gunia likicheza, usiandike

Rudi kwenye baiti ya pili. 2 ni tulivu kwenye sifuri, 3 bado inacheza, 4 imetulia, 5 iko chini ya sifuri, 6 uzito umezidi uwezo, 7 inahitaji kurekebishwa kipimo, 8 inahitaji kurudishwa sifuri, na 1 ni hitilafu. Programu ya ununuzi ipokee 4 tu. Gunia linapotupwa kwenye mizani namba hupaa kisha hushuka, na mpokeaji mwenye haraka anaweza kuikamata popote njiani. Kwa nani faida inakwenda hutegemea bahati, na bahati haitakiwi hapa.

Ongeza na sharti la pili: kati ya gunia na gunia, mizani irudi kwenye 2 kwanza. Bila hilo, gunia moja lililokaa muda mrefu litahesabiwa mara mbili, na mnunuzi atakutafuta kabla ya jua kuzama.

7. Mizani ya bandari ya zamani haileti sentensi nzima

Kwenye RS-232 hakuna ripoti nadhifu za baiti sita. Baiti zinamiminika, na kila unaposoma unaweza kupata nusu ya ujumbe, au ujumbe mmoja na robo. Weka bafa, ongeza kila kinachokuja, kisha tafuta mwanzo na mwisho. Baadhi ya viashiria vya mizani hutuma fremu za baiti 12 namna hii:

`02 2B 30 30 30 39 38 35 31 31 45 03`

02 ni mwanzo, 03 ni mwisho. 2B ni alama ya kujumlisha. Zinazofuata ni tarakimu sita kwa herufi za ASCII, 000985, kisha 31 yaani tarakimu 1, inayosema kuna desimali moja: kilo 98.5. Mbili kabla ya mwisho ni za ukaguzi. Chukua baiti zote kuanzia alama hadi desimali, zipitishe kwenye XOR, utapata 1E; ziandike kama herufi, “1” na “E”, ndizo hizo 31 na 45. Zisipolingana, tupa fremu nzima usubiri inayofuata. Inakuja ndani ya sekunde moja tu, usiihurumie.

Mizani nyingine hutuma maneno mafupi yanayoanza na ST ikiwa imetulia, US ikiwa bado, OL ikiwa imezidiwa, na kumaliza kwa 0D 0A. Hizo ni rahisi zaidi. Ukiona takataka tupu, huenda kasi ya bandari si sahihi: jaribu 9600, kisha 4800, 2400, 1200.

8. Umeme ukirudi, jina limehama

Umeme unakatika, unarudi, na mizani iliyokuwa ttyUSB0 sasa ni ttyUSB1. Programu inalia haioni kifaa. Tumia majina yaliyo kwenye `/dev/serial/by-id`, ambayo hayahami. Ila chipu za CH340 kwa kawaida hazina namba ya kipekee, na ukiwa na mbili zitagombea jina moja. Hapo hamia `/dev/serial/by-path`, inayofuata tundu lenyewe. Kisha bandika karatasi: tundu hili mizani, tundu hili printa. Na kodi yako iwe na uwezo wa kufungua bandari upya yenyewe. Hakuna atakayekupigia simu ukiwa Babati kukuuliza namna ya kuwasha programu upya kwa ustaarabu.

9. Printa ndiyo ya kujifunzia kutuma

Hapa uko huru kukosea, hasara ni karatasi. Printa ndogo za risiti karibu zote huelewa amri za ESC/POS, lugha iliyoasisiwa na Epson. 1B 40 inaisafisha irudi mwanzo. 0A inasogeza mstari. 1D 56 00 inakata karatasi, kama ina kisu. Nyingi za milimita 58 hazina, utachana kwa mkono. Kwenye Linux unaweza kujaribu kwa bash bila kuandika programu:

`printf '\x1b\x40Kilo 98.8\n\n\n\x1d\x56\x00' > /dev/usb/lp0`

Kosa la wanaoanza ni kutuma maneno “1B40” kama herufi nne, badala ya baiti mbili. Printa itachapa 1B40 kwa utiifu kabisa. Python ina `bytes.fromhex("1b40")` kwa ajili ya hilo.

Karatasi ya milimita 58 huchukua herufi 32 kwa mstari, ya 80 huchukua 48. Kiswahili kinapita vizuri kwa sababu herufi zake zote zimo kwenye ASCII. Majina ya Kiiraqw yanapoandikwa kwa tahajia kamili hubeba mkwaju, baiti 2F; utachapika bila shida, ila ukitumia jina la mkulima kama jina la faili, mkwaju huo utageuka kuwa folda. Hifadhi faili kwa namba ya risiti.

Printa pia hujibu. Tuma 10 04 04 kuuliza karatasi, usome baiti moja. 12 ya heksa ni salama. Zikiwaka biti za 60, karatasi imekwisha. Za 0C, inakaribia. Printa za bei ya chini mara nyingi hukaa kimya, kwa hiyo daima weka muda wa kusubiri, la sivyo programu itaganda huku foleni inanuna.

Kwenye Windows, tahadhari na Zadig, programu ya kubadili draiva za USB. Ukishabadili draiva ya printa kwenda WinUSB, programu nyingine zote zinapoteza printa hiyo. Bora utume baiti mbichi kupitia foleni ya uchapishaji ya Windows yenyewe.

10. Karatasi yako si risiti ya EFD

Chapa juu kabisa: “Hati ya uzito”. Mashine za EFD za TRA, zilizoanza kutumika mwaka 2010, ni kitu kingine, na mnunuzi anayetakiwa kuwa nayo hawezi kujificha nyuma ya printa yako. Mwambie mapema, kabla hajalipa.

11. Hifadhi baiti kama zilivyokuja

Wengi huhifadhi kilo 98.8 na kutupa zile baiti sita. Mimi ningetupa kitu kingine chochote kabla ya hizo. Kwenye jedwali la SQLite ongeza safu moja ya baiti mbichi, pamoja na saa, tarehe na namba ya mizani. Baiti sita kwa kila gunia hazijazi diski hata ukipima mazao ya Hanang nzima. Siku ukigundua ule mtego wa Kotlin, wenye 98.8 iliyoharibika kuwa 73.2 hawana la kufanya; wewe utapitisha baiti za zamani kwenye kodi iliyorekebishwa na kupata orodha kamili ya nani anadai kilo ngapi. Mkulima akija na ubishi wa halali, kuna cha kufungua mezani.

Usiruhusu kodi yoyote iandike juu ya safu hiyo. Marekebisho yaende kwenye safu ya pili.

12. Ujuzi huu una soko hospitalini pia

Haydom kuna hospitali ya Kilutheri tangu mwaka 1955, na popote penye maabara huenda kuna mashine ya vipimo inayotoa matokeo kwa waya. Nyingi hufuata taratibu za ASTM, na ukishaizoea mizani hutashangaa sana. Mashine hutuma 05 kuomba nafasi, nawe unajibu 06. Kila fremu huanza na 02, huisha na 03 au 17 ya heksa, kisha herufi mbili za ukaguzi na 0D 0A. Ukaguzi wa huku ni wa kujumlisha baiti na kubakiza baiti ya chini, si XOR, na hapo ndipo aliyetoka kwenye mizani hukwama asubuhi nzima. Fremu ikiwa sawa jibu 06. Ikiwa na kasoro jibu 15 ya heksa, itarudiwa. Usipojibu kabisa kwa sekunde 15, mashine itatuma 04 na kufunga mazungumzo, majibu ya mgonjwa yakiwa bado ndani yake.